Mnatupima presha na uzito, roho je?

Mhariri,

Naomba unipe nafasi kwa gazeti lako, na kama barua itakuwa ndefu nivumilie tu, haya mambo nimekaa nayo miaka na sijui mahali pengine pa kuyapeleka. Mimi ni mama wa watoto watatu, natoka Luanda huku Vihiga, nauza mitumba Kibuye pale Kisumu, na niko na ugonjwa wa moyo. Jina langu usichapishe tafadhali. Si kwa sababu ya moyo, moyo siuonei aibu, ni kwa hii ingine nitakayoeleza, ya roho, kwa sababu soko nalijua, wateja wakisikia fulani anaonwa na daktari wa akili kesho yake wanapita kibanda chako kama hawakuoni.

Ugonjwa ulianza baada ya kujifungua huyu wangu wa mwisho, 2019. Mtoto alikuwa na wiki sita. Nikaanza kukohoa usiku, nikilala chali pumzi inakatika kama mtu amenikalia kifuani, nikiketi inarudi. Miguu ikafura hadi viatu vikakataa. Nyumbani wakasema ni baridi ya uzazi, wengine wakasema nimekanyaga kitu, kuna mtu hapo karibu hakufurahia mtoto wa tatu. Nikapelekwa kuombewa wiki mbili, na silaumu maombi, mimi ni muumini hadi leo, lakini hizo wiki mbili maji yalikuwa yanajaa kwa mapafu. Siku nilifikishwa hospitali nilikuwa nimebebwa. Wakanipiga eko, ile picha ya moyo, daktari akasema moyo umepanuka na hausukumi damu vizuri, kwamba ni ugonjwa unaoshika wanawake wengine mwezi wa mwisho wa mimba ama miezi mitano ya kwanza baada ya kuzaa. Akasema wengine hupona kabisa moyo ukarudi kama zamani. Wangu ulirudi nusu.

Nieleze venye nilielezewa ili msomaji aelewe. Moyo ni pampu. Pampu ikichoka damu haifiki vizuri kwa figo, na figo nazo zinadhani mwili umeishiwa maji, basi zinashika chumvi na maji na hazitaki kuachilia. Hayo maji ndo yanashuka miguuni mchana ukisimama sokoni, alafu usiku ukilala yanarudi kifuani, ndo maana mgonjwa wa moyo ukimuuliza hali anaweza kukujibu kwa hesabu ya mito ya kulalia. Mimi nikiwa sawa ni mto mmoja. Nikiwa mbaya ni mito mitatu na sweta imekunjwa juu yake.

Kwa hivyo tunafundishwa kujitunza, na kwa hilo nawashukuru wauguzi wetu kwa dhati kwa sababu walinifundisha mpaka nikajua. Jipime asubuhi, ukishakojoa, kabla ya chai, nguo nyepesi, mzani ule ule. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo ukipanda zaidi ya kilo mbili kwa siku tatu hapo si kunenepa, ni maji, nenda hospitali usingoje tarehe yako. Dawa za maumivu kama Brufen na diclofenac usiguse bila kuuliza, zinazuia maji mwilini na zinaumiza figo, na hizo watu wa soko tunazimeza kama peremende kwa ajili ya mgongo.

Chumvi ndo ilinipa kazi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku, yaani hata kijiko kimoja cha chai hakijai, na hiyo ni jumla ya vyote ulivyokula. Mimi niliacha kuweka chumvi kabisa na miguu bado inafura. Nasi, yaani muuguzi, akaniuliza, mama, mboga unapikaje? Nikamwambia ni mrenda na kunde, na magadi. Akashika kichwa. Kumbe magadi nayo ni sodiamu, ile ile sodiamu iliyo kwa chumvi, na ule unga wa mchuzi wa paketi umejaa chumvi pia. Nikamwambia basi nitarudia musherekha ya mama yangu, ile ya majivu ya maganda ya maharagwe, akasema hapana ngoja kwanza, majivu yana potasiamu, na kati ya dawa zako kuna zingine zinabakisha potasiamu mwilini, ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Siku hizi kunde nakata ndogo ndogo, nachemsha muda mrefu, namalizia na maziwa. Watoto walinuna mwezi mmoja alafu wakazoea.

Sasa nisikilizwe hapa. Haya yote nilikuwa nayajua. Ungeniamsha usiku ningekutajia dawa zangu zote na saa zake. Na bado nilirudishwa wodini mara tatu, na kila mara kwa faili wanaandika kitu kimoja, mgonjwa hamezi dawa. Hakuna siku mtu aliniuliza kwa nini.

Nitawaambia kwa nini, angalau ile mara ya kwanza. Kuna dawa ya maji, Lasix, ukiimeza ndani ya saa moja unatafuta choo na saa ya pili ndo kali zaidi. Jumapili ndo siku kubwa ya Kibuye, kwa hivyo natoka Luanda alfajiri. Nikimeza saa kumi na nusu, gari ikipita Maseno nimeanza kubanwa, kufika Lela siwezi tena. Siku moja nikamwambia makanga anisimamishie. Gari imejaa. Akapiga kelele mbele dere asikie, "kuna mama anataka kwenda msalani," watu wote wakageuka. Nikashuka nikaingia kwa miwa giza bado, nikarudi, na kutoka hapo hadi Kisumu nilikuwa naangalia dirishani kwa sababu sikutaka kuona uso wa mtu. Kuanzia wiki hiyo Jumapili sikuimeza. Alafu Jumatatu nayo nikaona miguu haijafura sana, nikaruka. Ni miezi baadaye ndo nilijua kumbe saa ya hiyo dawa inaweza kusogezwa, daktari akikubali unaimeza ukishafika mahali pana choo, bora isiwe jioni sana ukakosa usingizi. Sentensi moja tu ingeniokoa siku saba za wodi. Lakini ili mtu akupe hiyo sentensi ni lazima kwanza ajue unaona aibu, na aibu haipimwi na mashine ya presha.

Mara ya tatu ndo imenifanya niandike.

Kliniki yetu ni Jumanne moja kwa mwezi. Hospitali yenyewe sitaitaja. Kuna benchi refu la mbao pale nje, na kwa hilo benchi nilipata rafiki, mama mmoja wa makamo alikuwa anauza omena, nilikuwa namwita Nyar Gem, yaani binti wa Gem, na yeye ananiita nyaminwa, dada kwa Kijaluo. Dawa zake alikuwa anafunga kwa leso, kila fundo ni siku. Alikuwa ananicheka venye nahema nikipanda ngazi alafu anahema yeye. Ni yeye alinifundisha kutembea polepole kila jioni kutoka nyumbani hadi kwa mti fulani na kurudi, kila wiki mti wa mbali kidogo, na ilisaidia kweli, kwa sababu moyo mgonjwa ukilazwa tu kitandani nao unazidi kudhoofika.

Mwezi wa tatu mwaka jana nikafika nafasi yake iko wazi. Nikaweka mkoba pale nimshikie. Watu wanakuja wanataka kukaa nawaambia kuna mtu. Nilishika hiyo nafasi mpaka saa sita mchana, ndo mgonjwa mwingine akaniuliza, kwani hukusikia? Alizikwa Jumamosi.

Sikulia. Nilipimwa presha, nikapimwa uzito, nikaulizwa kama nakohoa, nikajibu hapana, nikapewa dawa za mwezi, nikaenda nyumbani. Usiku nikakaa kitandani nikiangalia hizo paketi. Huyu alikuwa anameza kwa saa, kwa dakika, hajawahi kuruka hata moja, na amekufa. Mimi nameza ya nini? Hilo ndo swali lilikaa kwa kichwa changu. Sikutaka kujiua, Mhariri, nataka nieleweke, nilikuwa tu sioni sababu ya kufanya bidii. Kupika sitaki, soko sitaki, mtoto ananionyesha daftari la shule naangalia bila kusoma. Tena usingizi ukapotea.

Niko na daftari ya kurasa 48, nilichora mistari na rula ya kijana wangu. Safu ya kwanza tarehe, ya pili uzito, ya tatu mito, na ya nne nikaandika roho. Hiyo ya nne hakuna mtu alinifundisha, niliiweka kwa sababu ukurasa ulikuwa umebaki na nafasi. Kila asubuhi naandika neno moja tu, sawa, ama nzuri, ama nzito. Ukifungua hiyo wiki utaona: nzito, nzito, nzito, nzito. Na uzito siku hizo ni 61, 61, 61.2, 61, hakuna kitu. Siku ya tano nikaacha dawa. Siku ya saba 62.4. Ya nane 63.3. Ya tisa 64.5, mito mitatu, na sikuandika neno kwa safu ya mwisho kwa sababu nilikuwa napelekwa hospitali.

Wodini kulikuwa na nasi wa zamu ya usiku, kijana, angekuwa mdogo wangu wa mwisho. Aliona daftari kando ya kitanda akaniomba alisome. Akasoma amesimama. Alafu akaweka kidole kwa ile safu ya nne akaniambia, "Mama, hii ilianguka kabla ya mzani. Siku sita nzima."

Akavuta kiti akaniuliza maswali mawili. Kwa wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ama raha ya kufanya vitu? Na ni mara ngapi umejisikia mwenye huzuni ama kukata tamaa? Kila swali lina majibu manne: hapana kabisa ni sufuri, siku kadhaa ni moja, zaidi ya nusu ya siku ni mbili, karibu kila siku ni tatu. Ukifika tatu kwa jumla unaulizwa maswali mengine, ile orodha ya tisa, ambayo ndani yake kuna la kama unafikiria kujiumiza. Mimi nilipata sita, na sita ndo mwisho. Dakika mbili hazikuisha. Miaka yote hiyo nikienda kliniki, dakika mbili.

Hapo ndo nililia, ya Nyar Gem na ya mengine. Kwa sababu kulikuwa na mengine. Daktari aliniambia nisizae tena, mimba ingine inaweza kuniua, na mimi nilielewa kwa akili lakini hakuna mtu alikaa na mimi nikiomboleza huyo mtoto ambaye sitampata, huku mama mkwe kila Krismasi anauliza kijana ni mmoja tu? Na mzee wangu, mtu mzuri sana, alihamia kitanda cha sebuleni akiogopa kunigusa moyo usije ukasimama, tukakaa miaka hivyo, wawili tunaopendana, kwa kukosa mtu wa kutuambia ukweli, kwamba mgonjwa ambaye hali yake imetulia, anayepanda ngazi bila kukosa pumzi, mara nyingi hana shida na mambo ya chumbani. Ni kuuliza tu. Lakini nani atauliza mbele ya wanafunzi wanane wa udaktari?

Wataalamu wamehesabu kwamba kati ya watu watano walio na moyo ulioshindwa kusukuma damu, kama mmoja ana dipresheni, na aliye nayo hurudi wodini zaidi na hufa zaidi. Si ajabu. Mtu aliyekata tamaa hajipimi, hamezi, hatembei. Tena ndani ya mwili wenyewe wasiwasi unaongeza mbio za moyo na kupandisha presha, na moyo wenyewe tayari umechoka. Shida ni kwamba dalili zinafichana. Uchovu, kukosa usingizi, chakula kukataa kushuka, hizo ni za moyo na ni za dipresheni pia, kwa hivyo daktari akiziona anasema ni moyo tu anaongeza dawa. Ukiamka usiku moyo unapiga mbio na unatokwa jasho hujui kama ni hofu ama ni kifo, na mimi nasema kwa hiyo usikae nyumbani ukijipima akili, kifua kikiuma nenda hospitali, wahakikishe kwanza si moyo ndo waongee habari ya hofu.

Nilipewa kaunsela, nikaenda mara sita. Nilipewa pia dawa kidogo, na hapa nionye wenzangu, msinunue dawa ya mawazo kwa duka la dawa bila kusema mna ugonjwa wa moyo, kuna zile za zamani zinavuruga mapigo. Yangu ilichaguliwa na daktari anayejua shida zote mbili. Baada ya kama wiki tano nikaona nimeanza kuulizia bei sokoni tena.

Kwetu hili jambo halina jina zuri. Wajaluo wanasema paro mang'eny, mawazo mengi, na sisi tunasema tu anafikiria sana, alafu tunamwambia mtu aache kufikiria, amwachie Mungu. Nilisoma kwa simu kwamba Zimbabwe wanaita kufungisisa, ni hivyo hivyo, kufikiria kupita kiasi, na kwamba kule Harare tangu 2006 daktari anayeitwa Dixon Chibanda alifundisha nyanya wa kawaida wa mtaani kukaa na wagonjwa kwa benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza, alianza na nyanya kumi na wanne, na 2016 utafiti wao ukachapishwa ukionyesha waliokaa kwa hilo benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi, Mhariri. Sisi benchi tuko nalo tayari, na tunalikalia kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane.

Sasa ninachoomba si mashine. Tangu Septemba 2023 serikali ilitoa wahamasishaji wa afya ya jamii, kama laki moja nchi nzima, na wakapewa mikoba yenye mashine ya presha. Wa kijiji chetu anakuja, ni mama mzuri, ananipima, anaandika kwa simu, anaenda. Afundishwe yale maswali mawili ayaulize kabla ya kufunga mkoba. Na awe na mahali pa kumtuma mtu akipata tatu, kwa sababu kuuliza mtu kama amekata tamaa alafu kumwacha hapo ni vibaya kuliko kutouliza. Kliniki nayo iweke safu moja zaidi kwa kadi.

Na tuambiwe mwenzetu akifa. Najua kuna siri za wagonjwa, sitaki mnitajie alikufa kwa nini. Lakini mtu nimekaa naye kwa benchi miaka minne, nimejua mafundo ya leso yake, alafu nashikilia nafasi yake na mkoba mpaka saa sita na wauguzi wanapita wakijua, hapana. Mtu aje tu aniguse bega.

Kila mwaka 29 Septemba ni Siku ya Moyo Duniani, tunapimwa presha bure na kupewa fulana, alafu 10 Oktoba ni Siku ya Afya ya Akili, kuna hema lingine na watu wengine na fulana zingine. Siku kumi na moja kati yao. Sijawahi kuona mtu wa hema moja akialikwa kwa lingine.

Sisi wagonjwa wenyewe tumeanza kidogo. Tuko kumi na mmoja, tukitoka kliniki tunakaa chini ya mti karibu na geti, kila mtu anatoa shilingi 50 za kusaidia nauli ya yule amekwama, na kabla ya kuachana kila mmoja anasema neno lake moja la safu ya nne. Mzee mmoja mwalimu mstaafu alikataa miezi miwili, anasema yake ni sawa, sawa, sawa, mwezi wa tatu akasema nzito akanyamaza, na hakuna aliyemwambia asifikirie sana, tulikaa tu naye mpaka gari yake ikaja.

Kliniki yangu ni Jumanne ijayo. Rula ya kijana iko kwa mkoba, na kalamu mbili. Atakayekuja na daftari lake nitamchorea.

Muuza mitumba,
Luanda, Vihiga